Ninaomba kila alfajiri, lakini sijui kumsikiliza Mungu

Mama wa Mikindani aliandika:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Ninaandika kutoka Mikindani, na ninawaomba mnisome kwa uvumilivu, kwa kuwa jambo lenyewe nimelibeba muda mrefu pasipo kupata mtu wa kumweleza. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, nikapata kipaimara, na kwa miaka 11 sasa nina desturi ya kuamka adhana ya alfajiri inapolia katika msikiti ulio jirani nasi, nikaketi sebuleni kabla watoto hawajaamka, nikaomba. Nina daftari la maombi ambalo ndani yake yamo majina ya wagonjwa, ya wanangu, ya wanafunzi wangu, ya viongozi wa usharika na ya nchi yetu. Sala hiyo huchukua kama nusu saa, na nikijipima kwa uaminifu, nusu saa yote ninasema mimi. Nikimaliza orodha, ninasema Amina, ninafunga daftari na kuwasha moto wa chai, mfano wa mtu aliyekwenda kwa mzee wake, akamweleza shida zake zote, kisha akaondoka mzee hajafungua kinywa.

Katika kikundi cha maombi ninachohudhuria, wenzangu husema kwa wepesi kwamba Bwana amesema nao juu ya safari, juu ya posa ya binti, au juu ya kiwanja cha kununua. Mimi sijawahi kusema hivyo hata mara moja, kwa sababu sijawahi kusikia kitu ambacho ningeweza kuapa kwamba ni sauti ya Mungu. Ninapolisoma neno la Bwana katika Yohana 10:27, kwamba kondoo wake waisikia sauti yake, moyo hunishuka, nikajiuliza kama mimi ni wa zizi hilo.

Tangu Kwaresima nimejaribu kunyamaza dakika 10 baada ya sala. Sipati utulivu. Yananijia mambo matatu kwa zamu: ada ya shule, mboga ya mchana na kaka yangu. Huyu kaka ndiye anayenisumbua kupita yote. Baba yetu alipofariki, shamba la mikorosho kule Newala lilibaki mikononi mwake, na msimu wa juzi fedha zote za mauzo ziliingia kwenye akaunti yake, mimi na mdogo wangu hatukuona hata shilingi. Tangu hapo hatusikilizani. Sasa kila ninapofumba macho na kunyamaza, anakuja yeye. Nimeyakemea mawazo hayo kwa jina la Yesu, nimefunga siku 3, na bado hayaondoki.

Ninauliza, basi, mtu hujifunzaje kumsikiliza Mungu katika sala? Atajuaje kwamba alichokisikia kimetoka kwa Mungu na si kwa moyo wake mwenyewe? Na mawazo kama haya yanayoivuruga sala yangu, niyafanye nini?

Mwinjilisti wa Nachingwea alijibu:

Asifiwe milele, dada yangu. Nitaanza na hofu yako juu ya zizi, kwa sababu hofu ikikaa moyoni, hakuna kinachosikika. Mstari ulioutaja hauishii pale ulipoukatia. Bwana anasema kondoo wake waisikia sauti yake, naye anawajua, nao wanamfuata. Alama aliyoitoa si kwamba kondoo anaweza kusimulia maneno aliyoyasikia asubuhi. Alama ni kwamba anafuata. Mtu anayeamka alfajiri kwa miaka 11 ili awaombee wanafunzi wake ameifuata sauti ya nani, kama si ya huyo Mchungaji?

Soma tena habari za kijana Samweli, safari hii polepole. Maandiko yanasema kwamba siku zile neno la Bwana lilikuwa adimu, na kwamba Samweli mwenyewe, ingawa alihudumu hekaluni na kulala karibu na sanduku la Mungu, alikuwa hamjui Bwana bado. Aliitwa mara tatu, na mara zote tatu alikimbilia kwa Eli, maana yake ni kwamba sauti ile haikuwa ya radi. Ilifanana na sauti ya mzee aliyemzoea kiasi kwamba hakuweza kuzitofautisha. Mwenye kumfundisha namna ya kuitika alikuwa huyo huyo Eli, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamepofuka na ambaye nyumba yake ilikuwa imeharibika. Kusikiliza, basi, hufundishwa, na hufundishwa na watu wenye kasoro zao. Angalia pia ujumbe wenyewe ulipokuja. Haukumwahidi Samweli kiwanja wala safari; ulikuwa neno zito ambalo aliogopa kulisema hata kulipokucha. Mimi huwa na wasiwasi na "Bwana amesema nami" ambayo kila mara inakubaliana na kile msemaji alichokitaka tangu jana.

Vivyo hivyo kwa Eliya katika mlima Horebu. Sote tunaikumbuka ile sauti ndogo, ya utulivu, iliyokuja baada ya upepo, tetemeko na moto, lakini wachache hukumbuka kwamba kabla ya kufika huko alilala, akaamshwa na malaika, akala, akalala tena, akala tena, kisha akatembea siku 40. Mungu alimpumzisha kwanza mtu aliyechoka. Na baada ya ile sauti ndogo, alichoulizwa ni swali lile lile aliloulizwa kabla yake: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Huenda wewe unasubiri tamko, na Mungu anakuuliza swali.

Jambo jingine nisemalo kwa msisitizo ni kwamba Mungu amekwisha kusema. Waebrania 1 inatuambia kwamba alisema zamani kwa njia nyingi, na mwisho wa siku hizi amesema nasi katika Mwana. Mnamo mwaka 270 kijana mmoja wa Misri aitwaye Antonio aliingia kanisani akakuta Injili inasomwa mahali Bwana anapomwambia tajiri auze alivyo navyo awape maskini. Wengine wote waliokuwamo walisikia somo la siku hiyo. Yeye alisikia ameambiwa yeye, akatoka akafanya, na baadaye akaitwa baba wa watawa. Hakupewa neno jipya. Kwa hiyo ukae kimya, dada, lakini usikae mikono mitupu. Kaa na Neno lililofunguliwa mbele yako.

Tena usidhani kwamba ukavu ni kukataliwa. Mama Teresa wa Kalkuta aliishi miaka mingi sana akisali bila kuonja faraja yoyote, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, watu wengi walishangaa kuona giza alilolibeba huku akiendelea kuwaosha maskini. Hakuacha sala wala kazi.

Muuguzi wa Usiku, Lindi, alijibu:

Ninamshukuru mwinjilisti. Mimi si mwalimu wa dini. Ni mkunga, na nitasema lile tu ambalo kazi yangu imenifundisha.

Sisi wakunga tuna kifaa kidogo chenye umbo la tarumbeta, ambacho upande mmoja unauweka juu ya tumbo la mama na upande wa pili unauweka sikioni, ili usikie mapigo ya moyo wa mtoto aliyemo tumboni. Mwanafunzi akikishika kwa mara ya kwanza hukiweka popote, asisikie kitu, akadhani kifaa kibovu au, vibaya zaidi, mtoto amekufa. Tunamfundisha kwamba kabla ya kusikiliza apapase kwanza kwa mikono, ajue mtoto amelalaje na mgongo wake uko upande gani, kwa kuwa mapigo husikika vizuri upande wa mgongo. Kisha anawaomba watu wodini wanyamaze. Kisha anatulia, yeye mwenyewe, kwa sababu akiwa na haraka, pumzi yake humziba masikio. Kwangu mimi, kusoma Neno kabla ya kunyamaza ni huko kupapasa: kunaniambia niweke sikio wapi.

Liko na jambo la pili, ambalo linahusu swali lako la kutofautisha. Ukisikiliza tumbo la mama unaweza kusikia mapigo ya mama mwenyewe ukadhani ni ya mtoto, na kosa hilo ni la hatari. Kwa hiyo huku sikio liko kwenye tumbo, mkono wako unashika kifundo cha mkono wa mama, unapima mapigo yake kwa wakati ule ule. Moyo wa mtoto huenda mapigo 110 hadi 160 kwa dakika; wa mama aliyetulia huenda polepole zaidi. Unachokisikia kikienda sambamba na kile unachokigusa kwa kidole, basi umemsikia mama. Ndivyo ninavyofanya katika sala. Ninapodhani Mungu ananiambia jambo, ninashika kwanza mapigo yangu mwenyewe: leo ninataka nini, ninamwogopa nani, nimemkasirikia nani, nimelala saa ngapi? Kama hilo "neno" linaenda sambamba kabisa na matakwa yangu, ninalitazama kwa mashaka. Kama linakwenda kwa mwendo mwingine, tena kwa upole na bila kunitisha, ninaendelea kusikiliza.

Kuhusu muda, usijilaumu kwa dakika 10 zilizojaa mboga na ada. Mimi hupata dakika 3 kati ya saa 9 na saa 10 za usiku, wodi ikitulia, nikiketi karibu na dirisha. Yako majuma ambayo hata hizo sizipati.

Katekista Mstaafu, Masasi, alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu. Nimeyasoma ya wenzangu nikafurahi, hasa huo ukunga wa sala, ambao ningeujua zamani ningeutumia katika mafundisho. Mimi nimezeeka nikiwa katekista katika vijiji vya huku, na katika ujana wangu nilipelekwa mara kadhaa Ndanda kwa mafungo, yaani siku za kujitenga kwa sala. Watawa Wabenediktini wako pale tangu mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuharibiwa wakati wa vita vya Maji Maji, na kilichonishangaza nilipofika mara ya kwanza ni kwamba watu wenye hospitali, shule na karakana kubwa namna ile wanaacha kazi kengele inapolia. Kanuni wanayoifuata iliandikwa na Mtakatifu Benedikto huko Italia katika karne ya 6, na neno lake la kwanza kabisa, kabla ya amri yoyote, ni "Sikiliza". Anamwambia msomaji atege sikio la moyo wake. Katika sura ya 20 anasema sala iwe fupi na safi, na katika sura ya 3 anaagiza abati, yaani mkuu wa watawa, anapokuwa na jambo zito awaite ndugu wote, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo jema zaidi. Hili la sura ya 3 nililiona kwa macho yangu: mzee wa kanisa anamsikiliza kijana bila kumkatiza.

Huko ndiko nilikofundishwa kusoma Maandiko kwa namna ambayo imenilisha hadi leo. Mtawa mmoja wa karne ya 12, Guigo wa shirika la Wakartusi, aliifananisha na ngazi yenye vidato vinne, yaani kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Unachukua fungu fupi, aya 5 au 6, si sura nzima. Unalisoma kwa sauti ndogo, polepole, mpaka neno moja likushike. Likikushika, simama hapo, usiendelee. Lirudie, litafune, uliache lishuke. Kisha umjibu Mungu kuhusu neno hilo hilo, na si kuhusu orodha ya daftari. Kisha unyamaze. Daftari lako zuri, mwanangu, usilichome. Liweke tu mwisho, badala ya mwanzo ambapo limekaa sasa, utashangaa jinsi majina yale yale yanavyoombewa kwa namna nyingine baada ya wewe kusikiliza kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, na unisamehe nikikugusa penye kidonda. Kiswahili chetu kina hekima katika neno hili la kusikia. Tunasikia sauti, lakini pia tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia uchungu. Kwa hiyo anayengoja kumsikia Mungu kwa masikio peke yake anajinyima. Zaidi ya hapo, mama anaposema "mtoto huyu hasikii", hana maana kwamba mtoto ni kiziwi. Ana maana kwamba ameambiwa na hafanyi. Na watu wawili walioachana moyoni tunasema nini juu yao? Wewe mwenyewe umeliandika neno hilo, nadhani bila kulitazama: umesema wewe na kaka yako hamsikilizani.

Unatuambia kwamba kila unaponyamaza mbele za Mungu, kaka yako anakuja. Umemkemea, umefunga, naye anarudi. Umemwita mvurugaji wa sala. Mimi ninajiuliza, mwanangu, kama si yeye sala yenyewe. Bwana wetu alisema, "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Tazama neno "ukikumbuka". Mtu huyo amekumbuka akiwa wapi? Madhabahuni, katikati ya ibada. Bwana hakusema akikumbuka ayafukuze mawazo hayo amalize sala yake. Hivyo, kwa akili yangu ya kizee, inawezekana kabisa kwamba tangu Kwaresima umekuwa ukisikia, tena vizuri, na kwamba ulichokisikia hukukitegemea.

Ada ya shule na mboga, hayo ni mawazo ya kawaida. Yaandike kwenye kipande cha karatasi pembeni, uendelee.

Mwinjilisti wa Nachingwea alijibu:

Baba katekista, shikamoo. Ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini naomba nitie neno la tahadhari, kwa sababu dada anasoma na huenda akalichukua kuwa amri. Si kila wazo linalorudi rudi limetoka kwa Mungu. Kidonda nacho hurudi rudi, na mtu aliyedhulumiwa huweza kusumbuliwa na sura ya aliyemdhulumu kwa sababu tu jeraha halijapona. Tukimwambia haraka kwamba hiyo ni sauti ya Mungu inayomtuma aende, tunaweza kumwongezea mzigo juu ya mzigo, na wako wanawake wengi huku kwetu ambao wameambiwa wasamehe ili tu wanyamazishwe kuhusu mali ya baba zao.

Tena fungu ulilolitaja linamhusu yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Kwa jinsi dada alivyoeleza, mwenye neno ni yeye, na kaka ndiye aliyekosa. Mimi ningempeleka Mathayo 18:15: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Neno lako la kusikia limo na hapa, baba. Na aya inayofuata inasema kama hasikii, achukue pamoja naye mtu mmoja au wawili. Kupatana kwa namna hii hakufuti haki ya mtu katika shamba. Dada, lijaribu neno hili kwa Maandiko, kwa ushauri wa mchungaji wako, na kwa amani inayobaki baada ya siku kadhaa, si ile inayokuja mara moja na kuondoka. Mitume wenyewe, walipoamua jambo zito kule Yerusalemu, waliandika kwamba ilimpendeza Roho Mtakatifu na wao; walisikiliza wakiwa pamoja.

Katekista Mstaafu, Masasi, alijibu:

Marahaba, mwinjilisti. Umenirekebisha vyema, na fungu la Mathayo 18 ninalipokea. Kuhusu huyo mtu mmoja au wawili, sisi wa huku, Wamakua, Wamakonde na Wayao, tulikuwa naye hata kabla Injili haijafika: ni mjomba. Ndugu wa tumbo moja wakikosana, mjomba ndiye anayewaketisha. Mwanangu, kama ndugu wa kiume wa mama yako yu hai, usiende kwa kaka yako kabla hujapita kwake.

Mama wa Mikindani aliandika:

Shikamoo baba katekista, na shukrani kwenu nyote. Sikujibu mapema kwa sababu niliamua kwanza kufanya mlichoniambia, kuliko kuendelea kuuliza.

Nililichukua lile fungu la Mathayo 5 kwa siku 9 mfululizo, aya mbili tu, daftari likiwa mwisho. Siku za kwanza nilikuwa upande wa mwinjilisti kabisa. Kila nikisoma "ndugu yako ana neno juu yako" nilisema moyoni kwamba hapana, mimi ndiye mwenye neno, yeye ndiye aliyekula fedha. Nilifanya pia alivyosema dada muuguzi, nikashika mapigo yangu mwenyewe, na niliyoyakuta yalikuwa hasira tupu, yakienda kasi. Siku ya tano nikiwa nimenyamaza ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sikuliandika hapa, na ambalo naona nilikuwa nimejificha nisilione. Siku ya arobaini ya baba, watu wakiwa wamekaa mkekani, nilimwita kaka yangu mwizi mbele ya mke wake na watoto wake. Huo ulikuwa msimu wa kwanza, kabla hajauza hata kilo moja. Mambo ya akaunti yalifuata baadaye. Sisemi kwamba neno langu ndilo lililomfanya azuie fedha, na wala simwondolei kosa lake. Ninasema tu kwamba ana neno juu yangu, kama fungu lilivyosema, na kwamba mafungu yote mawili mliyonipa ni yangu.

Sikusikia sauti. Ninawaambia hivyo kwa sababu huenda yupo anayesoma hapa akiwa na huzuni ile ile niliyokuwa nayo. Ilikuwa ni kukumbuka tu, lakini kukumbuka kwa namna ambayo hakukunitisha wala hakukunitukana. Nililia, kisha nikatulia, na utulivu huo umedumu hadi leo, siku ya nne. Mchungaji wangu nimemweleza, akaniambia niende.

Nimempigia kaka simu mara mbili, hakupokea. Mjomba yetu yu hai, anaishi nje kidogo ya mji wa Newala, miguu yake haina nguvu tena lakini akili yake iko timamu, na yeye alipokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Njoo." Jumamosi nitapanda basi la kupitia Nanyamba na Tandahimba. Ni wakati wa kupulizia dawa mikorosho, kwa hiyo kaka atakuwa shambani tangu asubuhi, na mjomba amesema atamtumia mtu amwite jioni. Ninaogopa sana. Sijui nitaanzaje kusema, na katika sala ya leo sikupewa maneno yoyote, ingawa niliyaomba.

Muuguzi wa Usiku, Lindi, alijibu:

Dada, Jumamosi nitakuwa zamu. Zile dakika 3 za usiku wa kuamkia Jumamosi ni zako na za kaka yako.

Katekista Mstaafu, Masasi, alijibu:

Mwanangu, ukishuka kwenye basi nenda kwa mjomba moja kwa moja, ule, upumzike, kama Eliya alivyolishwa kabla ya mlima. Kaka yako akifika, msalimie kama mkubwa wako, kisha uliombe msamaha lile neno la siku ya arobaini, hilo peke yake, na kama inawezekana mke wake awepo kwa kuwa alilisikia. Habari ya fedha usiianze wewe. Mwachie mjomba, ndiyo kazi yake. Baada ya kuomba msamaha unyamaze, hata akikaa muda mrefu bila kujibu, na hata akianza kwa ukali. Wewe umejizoeza kunyamaza tangu Kwaresima, unaweza. Mwache aseme yote.

Utuandikie ukirudi.